Mtaalamu Akinyamaza, Mumiani Huzungumza

Neno mumiani kila aliyelelewa Pwani analijua. Tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba mumiani huzunguka usiku akitafuta watu awanyonye damu akaiuze. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini kila mtaa ulikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyeponea chupuchupu. Huyu mtu asiyekuwepo amewapa kazi kubwa madaktari na watafiti wa kweli, tena si mbali, hapa hapa Kilifi.

Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa vyuo vikuu: namna mwanasayansi anavyopaswa kuzungumza na wanahabari na wananchi. Nimelichagua kwa sababu sisi ndio tunaolipia pale mazungumzo hayo yanapoharibika. Mafuriko yakija bila ya watu kuelewa onyo, anayesombwa si mtaalamu. Chanjo ikikataliwa kwa uvumi, anayeugua ni mtoto wa jirani yako.

DAMU YA KILIFI

Mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, ilianzisha kituo cha utafiti Kilifi ikishirikiana na shirika la Wellcome Trust la Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford. Kituo kiliwekwa kando ya hospitali ya wilaya, ambayo leo ni hospitali ya kaunti. Malaria ilikuwa ikiua watoto wetu, na watafiti walitaka kujua inavyoua na inavyoweza kuzuiwa.

Sasa, malaria haichunguzwi bila ya damu, kwa kuwa kiini cha ugonjwa huishi ndani ya damu. Kwa hivyo watoto wakadungwa, damu ikatiwa kwenye vichupa, vichupa vikapelekwa maabara. Haukupita muda, uvumi ukaenea vijijini kwamba damu ya watoto inauzwa, na kwamba wenye kituo wanaabudu shetani.

Ni rahisi kuwacheka waliosema hayo. Mimi siwacheki. Hebu jiweke mahali pa mama mmoja wa kijijini. Gari kubwa linakuja na wageni. Wanataka damu ya mtoto wako ambaye leo hana hata homa. Wanasema wanachukua mililita kadhaa, wewe hujui mililita ni kiasi gani. Wanaondoka na damu, na hakuna anayerudi kukwambia waliona nini ndani yake. Utajiuliza, damu ile imekwenda wapi? Swali ni la haki kabisa. Kama mwenye jibu hakulitoa, mtaa utalitoa, na mtaa tayari ulikuwa na mumiani wake.

Watafiti wa Kilifi, kwa haki yao, hawakukaa wakalalamika kwamba watu ni wajinga. Walianza kufanya mikutano vijijini. Vijiji vikachagua wawakilishi wa kukutana na kituo, kupeleka maswali na kurudisha majibu. Wazee na wanafunzi wakaalikwa maabara wakaona kwa macho yao kinachofanyika. Na kiasi cha damu kikaanza kuelezwa kwa vijiko. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mama anayekoroga uji kila asubuhi anajua kijiko cha chai ni kiasi gani, na anajua kwamba mtoto hafi kwa kijiko kimoja.

Uvumi haukufa kabisa, wala sidhani kama utakufa. Lakini leo mwenye shaka ana mtu wa kumuuliza kijijini mwake.

Nitaongeza jambo moja. Miaka ya 1990 watafiti hao walifanya jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, hapa hapa Kilifi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja. Yaani kwa kila vifo 3 ambavyo vingetokea, kimoja kilizuiwa. Ushahidi huu ni miongoni mwa ule uliofanya vyandarua hivi vigawiwe Afrika nzima. Nikiwauliza watu wa Kilifi wenyewe, wengi hawajui kwamba chandarua wanacholalia kilithibitishwa kwa watoto wao. Wametoa damu na wametoa muda, lakini habari njema haikuwarudia kwa lugha yao na kwa wakati wake.

EL NIÑO ILIYOKUWEPO NA ISIYOKUWEPO

Tuje kwa la karibu zaidi. Mwaka 2023 Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitangaza kwamba mvua za vuli zitakuwa juu ya wastani, na ikataja El Niño. Kila mtu akakumbuka mvua za mwaka 1997 na 1998. Kisha mwezi Oktoba Rais akasema hadharani kwamba wataalamu wamerekebisha utabiri, kwamba El Niño ile haitakuwepo bali mvua nyingi tu. Watu wakashusha pumzi. Novemba mafuriko yakaja. Tana River, Kwale, Mombasa na kaunti za kaskazini mashariki zikafunikwa na maji, na kufikia mwanzo wa Desemba zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini.

Sitaki kumnyooshea mtu kidole. Nataka tuone mahali neno lilipopotea njia.

Kwa mtaalamu, El Niño si mvua. Ni joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na hapa, ambalo huvuruga pepo na mvua za dunia. Tena kwetu Pasifiki haifanyi kazi peke yake. Bahari yetu ya Hindi nayo ina zamu zake: upande wetu ukipata joto na upande wa Indonesia ukipoa, mvua ya vuli kwetu huwa kubwa. Mwaka 2023 mambo yote mawili yalikutana.

Kwa mwananchi wa Kenya, El Niño ni mafuriko. Ni daraja lililokatika na choo kilichojaa maji. Kwa hivyo ukimwambia kwamba haitakuwa El Niño kama ya 1997, mtaalamu amezungumzia ukubwa, lakini mwananchi amesikia kwamba hakuna mafuriko. Neno ni moja, na maana ni mbili. Maelezo ya kutofautisha yalitolewa, lakini kichwa cha habari chenye maneno matatu hukimbia kuliko ufafanuzi wa kurasa tatu.

Funzo hapa kwa mtaalamu ni kwamba kabla ya kulitumia neno, aulize watu wanalielewa vipi. Hata neno "chanya" lina mtego wake. Daktari akisema majibu yako ni chanya, anamaanisha ugonjwa umeonekana. Mgonjwa anaweza kutabasamu, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba chanya ni zuri. "Jaribio" nalo likimfikia mzazi bila maelezo, husikika kana kwamba mtoto wake amegeuzwa panya wa maabara.

YALIYOWAPATA WATAALAMU WA ITALIA

Kuna kisa kimoja cha Italia ambacho kila mtaalamu anafaa kukijua. Mwanzoni mwa mwaka 2009 mji wa L'Aquila ulikuwa ukitikiswa na mitetemeko midogo midogo. Watu wakaingiwa na hofu. Tarehe 31 Machi wataalamu wa matetemeko wakaitwa kikao katika mji huo pamoja na maafisa wa serikali wa kukabiliana na majanga.

Sayansi ilikuwa wazi: hakuna awezaye kutabiri siku wala saa ya tetemeko, na eneo lile ni la hatari. Lakini naibu mkuu wa idara ya majanga aliwaambia wanahabari kwamba mitetemeko ile midogo ni dalili nzuri kwa sababu nguvu inapungua kidogo kidogo. Maneno hayo hayakuwa na msingi wa kisayansi. Wataalamu walikuwa mjini siku hiyo, na hakuna aliyesimama mbele ya kamera kuyasahihisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili tetemeko kubwa lilipiga. Zaidi ya watu 300 walikufa. Mji ule ulikuwa na desturi ya zamani: ardhi ikitikisika, watu hutoka wakalala nje. Baadhi ya familia zilisema usiku ule zilibaki ndani kwa kuwa zilikuwa zimetulizwa na maneno ya wakubwa.

Mwaka 2012 wataalamu sita na afisa yule walihukumiwa kifungo cha miaka 6 kila mmoja. Dunia ya sayansi ikapiga kelele. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikawaachilia wataalamu wote sita, na hukumu ya afisa ikapunguzwa hadi miaka 2. Sheria iliona kwamba wao si wauaji, na nakubaliana nayo. Lakini mbali na sheria, kuna funzo. Ukimwachia mtu mwingine aseme kwa niaba yako, kisha akasema usilolijua, na wewe ukanyamaza, watu watahesabu kwamba umesema wewe.

KUSEMA "HUENDA" BILA KUPOTEZA IMANI YA WATU

Hapa ndipo pagumu zaidi. Mwananchi anataka ndiyo au la. Sayansi mara nyingi hujibu "huenda".

Mwaka 2024, mwanzo wa Mei, tulionywa kuhusu kimbunga Hidaya. Wavuvi wakaambiwa wasitoke na ufuo ukafungwa. Tarehe 4 Mei kimbunga kikaingia Tanzania kupitia kisiwa cha Mafia, kikiwa kimepungua nguvu. Kwetu Kenya hakikutufikia kwa namna tuliyoiogopa. Barazani watu wakaanza: hawa hutuongopea tu, siku mbili hatukuvua, watoto wamekula nini?

Mvuvi ana haki ya kuuliza. Siku mbili bila kuvua kwake ni deni dukani. Lakini kimbunga kupinda au kudhoofika si ushahidi kwamba onyo lilikuwa la uongo. Tuseme mtaalamu anasema kuna uwezekano wa asilimia 70. Maana yake ni kwamba siku 10 za namna hii zikitokea, katika 7 jambo litatokea na katika 3 halitatokea. Zile 3 zikiangukia kwako, mshukuru Mungu, wala usiichane karatasi ya onyo linalofuata.

Kwa hivyo mtaalamu aseme mapema, kabla ya tukio: kinaweza kutupita, lakini kikitupiga hasara ni kubwa mno, ndiyo maana twawaomba msitoke. Na kikishapita, arudi kwenye redio ile ile, wiki ile ile, aeleze kilichotokea na kwa nini. Wengi hawarudi, wakidhani kazi imekwisha kwa kuwa hatari imekwisha. Kumbe imani ya onyo la kesho hujengwa katika maelezo ya jana.

Kuna ndugu zetu wanaosema kuwa kutabiri mvua ni kujidai kujua ghaibu. Nawaheshimu, lakini naona wamechanganya mambo mawili. Nahodha wa zamani alijua kusi na kaskazi, alisoma nyota, alitofautisha bamvua na maji mafu, na hakuna aliyemwambia amekufuru. Alisoma dalili. Mtaalamu wa leo naye husoma dalili, ila yeye hutumia setilaiti na maboya ya baharini. Anayesema "huenda", na kueleza ameiona dalili gani, hadai ghaibu. Tena mtaalamu akieleza hivi kwa adabu msikitini au barazani, atasikilizwa kuliko akija na chati za rangi.

MTAALAMU AFANYE NINI?

Nina diploma ya uanahabari na nimekaa miaka kadhaa katika chumba cha habari cha redio. Wacha niwaeleze wataalamu mambo yalivyo upande wetu.

Habari za saa saba zina dakika chache, na ndani yake sauti yako ina nusu dakika ikiwa na bahati. Ukinipa dakika 15 za utangulizi, nitalazimika kukata, na ninachokibakisha huenda si kile ulichokitaka. Kwa hivyo:

Kwanza, njoo na sentensi yako kuu tayari, inayosimama yenyewe. Usiseme, "Kwa mujibu wa mifumo ya kikanda kuna uwezekano wa mvua za juu ya wastani katika ukanda wa Pwani." Sema, "Vuli hii tunatarajia mvua nyingi kuliko kawaida. Anayekaa karibu na Mto Tana ahamishe chakula na mifugo mahali pa juu kabla ya Oktoba kwisha." Sentensi ya pili ina habari na ina la kufanya. Onyo lisilo na la kufanya ni kutia watu hofu bure.

Pili, tumia vipimo vya nyumbani: kijiko cha chai, urefu wa goti, safari ya kutoka Likoni hadi Ukunda. Ukisema mawimbi ya mita 2, ongeza kwamba yanampita mtu mrefu kichwa.

Tatu, tuambie una uhakika kiasi gani, na ni jambo gani litakalokufanya ubadilishe kauli. Usiogope kusema "hili bado hatulijui, tutalijua baada ya wiki mbili". Mtu anayekubali mpaka wa elimu yake huaminiwa zaidi pale anaposema ana hakika.

Nne, simu yako iwe hewani. Uvumi ukianza saa mbili asubuhi kwenye WhatsApp, taarifa yako ya kesho kutwa iliyopitia ofisi tatu itakuta watu wameshaamua. Taasisi iteue mtu mmoja anayejua Kiswahili vizuri, mwenye ruhusa ya kujibu siku hiyo hiyo.

Tano, rudisha matokeo kwa waliokupa. Nimewasikia wavuvi wakisema: watafiti huja, hupima changu na tafi wetu, huandika, huenda zao. Mwaka unaofuata ufuo unafungwa kwa uvuvi, na sababu ni utafiti ambao hawakuuona. Nani atakubali? Kabla ya ripoti kwenda Nairobi au Ulaya, kaa na kamati ya ufuo saa moja, ueleze ulichokiona.

NA SISI JE?

Mzigo wote si wa mtaalamu. Sisi wanahabari tuna yetu. Tukinukuu idadi, tumpigie aliyeitoa tumsomee ilivyoandikwa kabla ya kuipeleka hewani. Simu ya dakika mbili haimpi mtaalamu ruhusa ya kuandika habari yetu, bali inatuzuia tusigeuze milioni kuwa bilioni. Tusiite kila utafiti "tiba yapatikana" wakati ni hatua ya kwanza kwa panya. Na tusimweke mganga wa mtandaoni na daktari bingwa meza moja tukasema tumesawazisha pande mbili. Kama upande mmoja una ushahidi na mwingine una sauti kubwa tu, msikilizaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Na wewe msomaji, kidole chako kabla hakijabonyeza kusambaza, kumbuka Sura ya Al-Hujurat inavyotuamuru tuthibitishe habari inayoletwa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Agizo hilo linaingia hata kwenye kundi la WhatsApp la harusi.

Mvua za vuli na za masika zitarudi, chanjo mpya zitakuja, na watafiti watafika tena na vichupa vyao. Akija mtaalamu kwenye baraza la chifu, usinyamaze ukasubiri kumsengenya akishaondoka. Nyanyua mkono umuulize mambo matatu: Unajua nini? Una uhakika kiasi gani? Na sisi tufanye nini? Akiwa na majibu, mpe nafasi. Akiwa hana, mwombe arudi nayo, na mwekeane tarehe mbele ya chifu.